Kijiji cha Barabara Moja

Campbelltown, Sydney, Jumamosi alasiri

Mwanangu Naemi,

Sisi wa zamani za kalamu na karatasi tulifundishwa kuanza barua kwa kuulizia afya. Ya kwako siiulizi. Asubuhi umekula mayai matatu na ndizi mbili, ukaimba bafuni, ukatoka mbio kwenda Smithfield kumuaga rafiki yako, na mlango ukauacha wazi. U mzima. Mimi pia ni mzima. Baba yako yuko sebuleni anapima sanduku lako kwa mara ya nne. Kila akilipima linazidi kilo mbili, na kila likizidi analaumu mzani.

Kesho unasafiri. Sitakuandikia habari za soksi, wala dawa, wala pasipoti uiweke wapi. Hayo nimeshayasema mpaka ukaniambia "Mum, please", na nikakoma. Nataka kulijibu neno moja ulilolisema mwezi uliopita pale jikoni. Ulifungua ramani kwenye simu, ukaitafuta Erlenrode, kijiji unakokwenda, ukaikuza, ukaikuza tena, kisha ukanigeuzia kioo. Ukasema, kwa Kiingereza chako, kwamba pale hapana kitu, ni barabara moja tu. Mimi nikajifanya nasugua sufuria. Ulidhani nimekasirika. Hapana, niliona haya, kwa sababu maneno yaleyale niliyasema mimi nilipokuwa nimekuzidi umri wako wa sasa kwa miaka miwili tu, na yaliniponza kwa namna ambayo sijawahi kukusimulia yote.

Unajua kwamba kabla sijakutana na baba yako nilikaa Ujerumani mwaka mmoja. Unajua kwamba usharika wetu kule Usambara ulikuwa na urafiki na usharika wa huko, wakanichukua nikasaidie kwenye shule ya watoto wadogo, kazi ileile uliyoiomba wewe. Nimekuonyesha picha nimevaa koti lililonizidi ukubwa. Usichojua ni jinsi nilivyodanganya.

Siku naondoka nyumbani walinisindikiza watu wa usharika mzima. Kila mmoja alikuwa na lake la kuniambia nitakaloliona: majumba yanayogusa mawingu, treni zinazopita chini ya ardhi, taa zisizozimwa. Babu yako alikuwa mwinjilisti, mtu asiyependa makuu, lakini siku ile hata yeye alinyoosha shingo. Basi nikafika. Basi dogo likaniteremsha mbele ya lundo la samadi lililokuwa likitoa moshi kwa baridi. Upande mmoja kanisa, upande mwingine bwawa la zimamoto lenye bata wanne. Watu wote wa kijiji hawakufika mia tatu. Nilisimama na mkoba wangu nikajiambia: hapa hapana kitu.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Hedwig, mjane wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa kanisa. Alishindwa kutamka jina langu. Kwao Z inasomwa "ts" na W inasomwa "v", kwa hiyo mimi Zawadi mwaka mzima nikaitwa Tsavadi. Alikuwa mkarimu kwangu tangu dakika ya kwanza. Lakini mimi, Naemi, miezi mitatu ya mwanzo nililia karibu kila siku, kwenye kibanda cha kusubiria basi, kwa sababu palikuwa na ukuta pande tatu na mtu hanioni.

Na kila jioni nilipokuwa nimelia, nilimwandikia babu yako kwamba nakaa katika mji mkubwa sana. Nyumba yetu ina ghorofa saba. Kazini naenda kwa treni ya chini ya ardhi. Nilikuwa nimenunua kadi za picha kwenye stesheni ya mji nilikobadilishia treni siku ya kwanza, na kila barua nikaitia kadi moja: kanisa kuu lenye minara miwili, daraja, jumba la opera. Babu yako akawa anazisoma barua zile kanisani baada ya ibada, mstari kwa mstari, na kadi zinapitishwa mkono kwa mkono.

Leo ukiniuliza kwa nini, nakujibu hivi. Niliogopa kwamba nikisema kijiji ni kidogo, neno litakalofuata litakuwa kwamba nalia. Ghorofa saba zilikuwa zinanisaidia kuficha kibanda kimoja cha basi.

Ikafika barua kutoka nyumbani. Usharika unatuma wageni watano, na mmoja wao ni babu yako. Amefurahi mno. Anataka kupanda hiyo treni ya chini ya ardhi.

Niliibeba barua ile mfukoni wiki tatu. Zilipobaki siku mbili wafike, nikashindwa kula, Bi Hedwig akaniuliza nina nini, nikamwambia yote pale mezani, kwa Kijerumani changu cha kuungaunga. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Ghorofa saba zilimchekesha hasa. Kisha akaniuliza polepole:

"Tsavadi, kijiji chetu kimekukosea nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, sikujiandaa kwa swali lile. Akainuka, akachukua ufunguo wa kanisa ukutani, ufunguo mrefu kama kiganja chako, akaniambia, "Una siku mbili za kujifunza unakoishi. Vaa viatu."

Ndipo nilipokiona kijiji kile kwa mara ya kwanza, miezi saba baada ya kufika.

Alinipeleka kwanza kanisani, akanionyesha kwamba ukuta wa mnara una unene wa mtu aliyelala. Zamani majeshi yalipopita wanakijiji walikuwa wakijifungia humo na watoto na mbuzi. Vita moja ndefu ilikiteketeza kijiji chote zikabaki kaya tatu, na watu wa leo wengi wanahesabu ukoo wao kutoka kaya hizo. Juu mnarani palikuwa na kengele moja ndogo. Zilikuwepo tatu, mbili kubwa zilishushwa wakati wa vita zikayeyushwe ziwe mizinga, wala hazikurudi. Akanipeleka kwenye tanuri la kijiji, kijumba cha mawe ambako Jumamosi ya kwanza ya mwezi kila nyumba huleta mkate wake uokwe, na kila familia ina alama yake ya kuchora juu ya unga ili mikate isichanganywe. Akanipeleka kwenye kinu cha maji, gurudumu lake limeota ukoka.

Kinuni akasimama, akanionyesha dirisha dogo juu ya zizi. "Pale ndipo nilipolala miaka minne," akasema.

Nilidhani ni mzaliwa wa pale. Kumbe alifika akiwa na miaka saba, yeye na mama yake, wakisukuma kitoroli, wamefukuzwa kwao mashariki vita ilipoisha. Kijiji hakikuwataka. Waliitwa wakimbizi mpaka anaolewa. "Wenyeji hawaijui historia ya hapa," akaniambia. "Wao wamezaliwa nayo, hawahitaji kuuliza. Mimi nilikuwa nauliza kila jiwe, ili siku moja wakisema wewe si wa hapa, niwaambie: haya, jiwe lile liliwekwa na nani?" Akacheka. "Sasa wananipa ufunguo."

Kila nikipita na treni stesheni ya Villawood, pale penye kambi ya kuzuilia wakimbizi, namkumbuka yule mtoto wa kitoroli.

Wageni wakaja. Babu yako aliteremka kwenye basi lile dogo amevaa suti yake ya Krismasi na juu yake koti zito la kuazima. Akatazama kanisa. Akatazama bata. Akageuka akatazama barabara ilikotoka na inakokwenda.

"Zawadi," akasema, "mji uko wapi?"

"Ni hapa, baba."

"Hapa ndipo tunapobadilishia basi?"

"Hapana, baba. Ni hapa. Hakuna mji. Nilikuwa nadanganya."

Nilimwambia mbele ya watu wote, kwa sababu nilijua nikingoja faragha nitabuni uongo mwingine. Mchungaji wetu akaanza kukohoa. Babu yako alivuka barabara akaenda kwenye miti ya plamu iliyopandwa kandokando yake, akashika tawi, akalikunja, akalitazama lilipokatwa. Wewe unaikumbuka miti yake kule Lushoto. Akauliza, bila kunigeukia, "Nani anapogoa miti hii? Anaiharibu." Bi Hedwig akataka kujua mgeni amesema nini. Nikatafsiri. Akajibu, "Mwambie namwambia mtu huyo kila mwaka."

Hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia.

Mchana ule walitembea wawili mbele, mimi katikati nikitafsiri, wageni wengine nyuma. Bi Hedwig akaonyesha jengo la shule ya zamani akalitaja kwa lugha yake, babu yako akasimama. "Amesema shule?" "Ndiyo, baba. Ni neno lao." Akatikisa kichwa kwa furaha, akarudia: shule, shule. Walipofika kwenye nyumba kongwe kuliko zote, ambazo watu hutoka mbali kuja kuzipiga picha, akakaribia ukuta akaugonga kwa kidole. Ni mbao zilizokingamana, na katikati yake fito zilizosukwa zikakandikwa udongo na majani makavu, na mlangoni kibao cha kuonyesha ni urithi wa kale. Akacheka kwa sauti.

"Hii ni nyumba ya udongo! Mama yangu alizaliwa kwenye nyumba kama hii. Nyie mnaiwekea kibao?"

"Tunaiwekea kibao," Bi Hedwig akasema, "na ukitaka kugusa dirisha lazima uombe kibali."

Nilikuwa naanza kupumua. Tukafika kwenye jiwe la kumbukumbu, ubavuni mwa kanisa. Kila kijiji cha huko kina jiwe kama hilo, utaliona: majina ya vijana waliokufa vitani, na jina moja la ukoo linarudi mara tatu, mara nne. Babu yako hakujua Kijerumani, lakini macho yake yalishuka mpaka mstari mmoja yakakwama. Akaweka kidole. Pameandikwa jina la kijana, Wilhelm, mtoto wa kinuni, na mbele yake mahali alipofia: Afrika Mashariki ya Kijerumani.

"Huyu alifia kwetu," babu yako akasema.

Bi Hedwig akaeleza kwamba ndivyo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini. Wazee walikuwa wakisimulia kwamba mama yake aliuliza Afrika iko upande gani, ili ajue ageukie wapi akisali.

Babu yako hakuondoa kidole. Kisha akasema jambo ambalo mimi, binti yake, nilikuwa sijawahi kulisikia. Babu yake mzaa baba, Mzee Shemweta, alichukuliwa na Wajerumani katika vita hiyohiyo akawe mpagazi. Walikuja kijijini, wakachagua wanaume wenye shingo imara, wakawatwisha mizigo. Aliteremka mlimani na wenzake na hakurudi. Hakuna aliyeleta habari. Mkewe hakujua kama avae nguo za msiba au aendelee kupika kwa wawili.

"Mwambie Mama Hedwig," akaniambia, "huenda babu yangu alibeba mzigo wa kijana huyu. Au huenda hawakuonana kabisa. Sijui."

Nilitafsiri nikitazama chini. Sikujua itapokewaje. Niliogopa Bi Hedwig ataona analaumiwa, na babu yako ataona amevuka mpaka. Bi Hedwig akauliza, "Yeye jina lake limeandikwa wapi?"

"Halikuandikwa popote."

"Alipigiwa kengele?"

Babu yako hakuelewa. Nikamweleza kwamba Erlenrode mtu akifa, kengele hupigwa siku hiyohiyo, awe nani, ili watu waache wanachokifanya wamtaje.

"Hapana," akasema. "Hakupigiwa."

Bi Hedwig akachomoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni. "Basi amengoja vya kutosha. Twende."

Alimpa kamba babu yako mwenyewe. Akamwonyesha namna ya kuvuta na kuachia, maana ukishikilia kamba itakunyanyua. Mara ya kwanza ilimnyanyua kweli, akabaki anagusa sakafu kwa ncha za vidole tu na suti yake ya Krismasi, Mchungaji akamshika kiuno. Kisha akapata mwendo wake. Kengele ile ndogo ikalia, saa tisa na robo mchana, siku ambayo hakuna mtu kijijini aliyekuwa mgonjwa.

Watu wakatoka. Madirisha yakafunguliwa, trekta likazimwa katikati ya barabara. Mkulima mmoja akaja mpaka lango la kanisa ameshika kofia mkononi.

"Hedwig! Nani amefariki?"

"Shemweta."

"Shemweta yupi? Wa nyumba ipi?"

"Wa Usambara. Babu yake huyu mgeni wetu."

"Mungu wangu. Lini?"

"Wakati wa vita ile ya kwanza," Bi Hedwig akasema, uso hauna mzaha hata kidogo. "Taarifa zimechelewa."

Yule mkulima akamtazama Bi Hedwig, akatutazama sisi, nikaona anajaribu kuamua. Halafu akasimama sawasawa, kofia kifuani, mpaka kengele iliponyamaza. Babu yako alipotoka mnarani, jasho linamtiririka, mtu yule akampa mkono, akasema maneno ambayo huambiwa wafiwa wote. Nilitafsiri, lakini babu yako alikuwa ameshaelewa.

Na kwa kuwa kengele imelia, ilibidi mambo mengine yafuate. Nusu saa haikupita, wanawake wakaja na kahawa na keki za plamu kwenye sinia, meza ikatandikwa mbele ya tanuri, na babu yako akakalishwa kiti cha mfiwa. Alikula vipande vitatu. Akaulizwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akawasimulia yale machache aliyosimuliwa na baba yake: kwamba alikuwa mrefu, mbishi, na alijua kuita nyuki. Watu wakacheka panapochekesha. Mimi nilitafsiri mpaka koo likakauka, na sijapata kuipenda kazi yoyote kuliko ile.

Usidhani niliponea hapo. Asubuhi yake babu yako aliniita nje, tukakaa kwenye ngazi za nyumba ya Bi Hedwig.

"Ghorofa saba," akasema.

"Nisamehe, baba."

"Ulinifanya nisome uongo mbele ya kanisa zima."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana. Lakini naumia kwa jambo lingine. Wewe ulidhani mimi nitaona haya kwamba binti yangu anakaa na watu wanaofuga ng'ombe. Mimi nafuga ng'ombe, Zawadi."

Kisha akaniuliza kama nimekuwa nikilia. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza wapi. Nikampeleka akakione kibanda. Alikaa ndani yake, akatazama kuta zile tatu, akasema pana upepo, angeniletea blanketi laiti ningemwandikia. Akaniagiza niandike barua nyingine, ya kweli, na hiyo ndiyo akaisoma kanisani aliporudi. Niliambiwa waliomba irudiwe, hasa pale penye nyumba za udongo zenye kibao.

Ungedhani nilikoma. Unanijua, hutashangaa kusikia sikukoma. Tulipofika Sydney, wewe ukiwa tumboni, tukapewa nyumba ya serikali hapahapa Campbelltown, mimi nikamwambia babu yako kwenye simu kwamba tunakaa kando ya bahari. Nikamtumia picha ya lile jumba la mapaa meupe pale bandarini, nimesimama mbele yake kana kwamba ni uani kwetu. Miaka ikaenda. Ulikuwa na miaka sita ulipoichukua simu ukamwambia, kwa Kiswahili chako cha kuchagua maneno, "Babu, bahari iko mbali. Treni, treni, halafu tena basi." Nilitaka ardhi inimeze. Nikasikia upande wa pili babu yako anacheka mpaka anakohoa. Akasema, "Mama yako ameanza tena. Sasa niambie wewe, hapo mnapokaa pana nini?" Ukamwambia pana mbwa wa jirani mwenye miguu mitatu, na mti wenye kasuku wanaopiga kelele, na hospitali anakofanya kazi mama. Kuanzia siku ile alikuwa anaomba kuongea na wewe kwanza. Mpaka anafariki, mwaka juzi, aliijua mitaa yetu kuliko mimi.

Kwa hiyo ukifika na ukaona hapana kitu, uko sahihi, kwa siku za mwanzo. Huenda utalia. Niandikie kwamba umelia, taja na mahali. Mkate ukiwa mgumu sema mgumu. Mtu akikutazama vibaya niambie ni nani, usinitafutie daraja zuri la kunipigia picha. Mimi nimesoma na kuandika barua nyingi nzuri za uongo, na hakuna hata moja iliyonipatia blanketi.

Bi Hedwig bado yupo. Ana miaka themanini na kitu, anakaa kwa mjukuu wake, na juzi alipopiga simu ya video niliona dari muda wote. Atakuuliza maswali mengi kuliko atakayojibu. Jibu kweli, hata Kijerumani kikikutupa. Jina lako ataliweza, nimemsikia akilijaribu.

Nimalize na habari ambayo baba yako hajui kama nimekwambia. Nimeomba likizo ya Pasaka nije kukutembelea huko, na msimamizi wangu amekubali. Sijarudi kule tangu mwaka ule. Nitashuka kwenye basi nami nitakuwa nimesahau njia, na nusu ya maneno. Usinitembeze kwenye yale niliyoyasimulia humu. Nataka kujua wewe unanunua wapi chumvi. Nani hukuamkia kwanza asubuhi, na mtoto gani darasani anakuchosha, na nyumba ipi hupendi kupita mbele yake. Utatangulia, nami nitakufuata nyuma nikiuliza maswali ya kijinga, na wewe utanitafsiria.

Mama yako